Mwalimu Kipngeno Apunguza Sauti

Kuna watu wanaojulikana kwa ndevu, wengine kwa mwendo, wengine kwa mashati. Mwalimu Kipngeno wa darasa la nne alijulikana kwa sauti, na hakuna mtu wa Kakuma aliyehitaji kuuliza ni sauti gani. Shule yake ilikuwa pembezoni mwa mji, karibu na kambi, mahali ambapo watoto wa Kiturkana na watoto wa wakimbizi walibanana kwenye madawati yale yale. Kutoka hapo hadi bombani ni mwendo wa kumfanya mtu mwenye mtungi kichwani atue apumzike. Hata hivyo akina mama waliopanga foleni bombani walijua jedwali la saba lote, na mmoja wao, ambaye hakuwahi kukalia dawati maishani, alikuwa akimkosoa mwenye duka hadharani katika mambo ya kuzidisha. Akiulizwa amesomea wapi, alinyoosha kidole upande wa shule na kusema, "Mimi nilisoma kwa Kipngeno."

Sauti hiyo hakuitafuta, alizaliwa nayo na malezi yakaikuza. Kwao Bomet, nyumba ya baba yake ilikuwa upande huu wa bonde na ya babu yake upande ule, na hakuna aliyeona sababu ya kuteremka bondeni na kupanda tena kwa ajili ya kuulizia tu kama ng'ombe amepatikana. Alipopangiwa kazi Turkana akakuta watoto zaidi ya mia katika chumba kimoja, paa la mabati, na upepo unaoanza asubuhi na hauna haraka ya kwenda. Wenzake waliotoka huko huko kwenye kijani walilia. Yeye aliona kwamba Mungu alikuwa akimwandaa tangu utotoni.

Ndiyo maana Nyanut aliletwa kwake.

Nyanut alikuwa msichana wa Kidinka, mrefu kuliko wenzake, mwenye macho yasiyobanduka kwenye midomo ya watu. Homa kali aliyougua kabla mama yake hajavuka naye mpaka wa Nadapal kuingia Kenya ilikuwa imekula sehemu kubwa ya usikivu wake. Darasa la tatu alikaa mwaka mzima mbele ya mwalimu mwenye sauti ya upole, na mwaka ulipokwisha ilikuwa kana kwamba hakuwahi kuja shule. Mwalimu Mkuu Ekwam, mzaliwa wa Kaikor, mtu aliyependa amani na chai, alilifikiria jambo hilo, akanywa chai, akafikiria tena, kisha akatoa uamuzi.

"Huyu tupeleke kwa Kipngeno," alisema. "Huko hata mawe inasikia."

Na kweli alisikia, kwa kiasi. Alisikia pale Kipngeno aliposimama mbele yake akimwelekea. Mwalimu akigeukia ubao, basi tena, giza. La kuchekesha ni kwamba, kwa kuwa Kiswahili cha watu wengine hakikumfikia, Kiswahili pekee alichokishika ni cha Kipngeno. Ukimkuta msichana huyu wa Bor, Sudan Kusini, dukani, ulimsikia akisema, "Nipe sugari nusu, na usinipotesee wakati," kwa lafudhi safi ya Bomet. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kipngeno hakucheka. Alimpenda mtoto huyo kama wake, na ukimsikia mtoto anasema kama wewe, unajua kuna kitu ulichomwachia.

Likizo ya mwezi wa nne mwaka 2012 alimsindikiza Nyanut na mama yake, Abang, hadi Lodwar, kwenye ofisi inayohudumia watoto wenye mahitaji maalumu, ili masikio yapimwe. Ofisa wa hapo, Madam Jerotich, alimweka mtoto kwenye chumba kidogo na kumwomba Kipngeno asubiri nje. Dakika chache baadaye akatoka kumwomba asubiri nje zaidi, kwa sababu Kipngeno alikuwa amekutana na Mkipsigis mwenzake barabarani na mtoto alikuwa akiinua mkono kuonyesha kwamba amesikia salamu zao. Mwishowe Kipngeno alikwenda kungoja sokoni. Huko nako, nasikia, alisikika.

Shule zilipofunguliwa gari jeupe liliingia uwanjani likiwa na vumbi lote la njiani, na Madam Jerotich ndani yake. Alikuwa na kijisanduku. Alitoa vifaa viwili vidogo, akavivika nyuma ya masikio ya Nyanut, kisha akatoa kipaza sauti kisichozidi kiberiti, chenye kamba, akamning'iniza Kipngeno shingoni.

"Sauti yako inaingia hapa, inasafiri kama ya redio, inatokea kwa masikio ya mtoto," alieleza. "Hata ukiwa nyuma ya darasa, kwake ni kama uko hapo karibu. Kwa hivyo si lazima upige kelele, Mwalimu. Ongea kawaida."

"Hii ndiyo kawaida," Kipngeno alisema, na kunguru waliokuwa juu ya paa wakaondoka.

Kisha akamgeukia Nyanut, akajaza kifua hewa. "NYANUT! UNANISIKIA?"

Msichana aliruka kutoka kwenye dawati kama aliyekalia nge.

"Anasikia," Kipngeno akamwambia Jerotich kwa furaha. "Si umeona?"

Madam Jerotich alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Aliwavuta kando Kipngeno na Abang, aliyekuwa amekuja kushuhudia, na kuwaambia mambo waziwazi. Seti aliyokuwa nayo ni hiyo moja tu, na Lodwar kulikuwa na mtoto mwingine aliyeingoja hiyo hiyo.

"Nitarudi kabla shule zifungwe," alisema. "Nikipata Nyanut anavaa na inamsaidia, itakaa hapa. Nikipata imefungiwa kwa kabati, nitaenda nayo. Sitaki tukosane, nawaambia mapema."

Abang, aliyeuza samaki wakavu katika soko la kambini, naye akasema lake. "Mualim, mimi sina maneno mingi. Hii mwaka yeye asikie. Kama hasikii, kalas, akae na mimi sokoni. Kukaa bure kwa kiti, hata kwa samaki iko kiti."

Kipngeno aliumia aliposikia hivyo, kwa sababu mama huyo hakuwa na kosa. Mtoto wa kike anayekaa shuleni bila kuambulia kitu ni mikono inayopotea bure nyumbani. Akaapa kimoyomoyo kwamba Nyanut hatatoka darasani mwake kwenda kupunga nzi juu ya samaki.

Shida ni kwamba kiapo alikijua, ila dawa hakuijua. Siku za mwanzo Nyanut alivaa vifaa asubuhi, na kabla ya mapumziko vilikuwa mfukoni. Kipngeno akaona labda betri zimechoka, akavipeleka kwa Ekwam vikawekwe kwenye umeme wa jua pamoja na simu za walimu, na wakati huohuo akaongeza sauti ili kuvisaidia. Nyanut akawa anavitoa hata kabla ya maombi ya asubuhi kwisha. Mwalimu akaongeza tena. Bombani wakashangaa kwa nini jedwali linaimbwa kwa hasira.

Sasa, Madam Jerotich alikuwa amemwachia pia mrija wa kukagulia, unaofanana na ule wa daktari: ncha moja unaivika kwenye kifaa cha mtoto, mbili unazitia masikioni mwako, na unasikia kile anachosikia yeye. Kipngeno, kama wanaume wengi wanaopewa maelezo na mwanamke mwenye miwani, alikuwa ameitikia kwa kichwa na kuutia mrija kwenye droo. Mambo yalipomfika shingoni ndipo alipoukumbuka. Baada ya masomo akambakiza Nyanut, akachukua kifaa chake kimoja, akakiunganisha na mrija na kuuvaa, akamvika msichana kipaza sauti na kumwashiria asimame mbele.

"Leo wewe ndiye mwalimu," alimwambia. "Fundisha vile mimi hufundisha."

Nyanut hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alikwenda mbele ya ubao, akavuta juu suruali ambayo hakuwa nayo, akakohoa kikohozi cha mzee mzima, akajaza kifua.

"DARASA LA NNE! NANI AMELALA HAPO NYUMA?"

Kipngeno aling'oa mrija masikioni na kujikuta ameketi kwenye dawati la watoto, magoti yakiwa karibu na kidevu. Kichwa kilivuma. Maisha yake yote watu walikuwa wamemsikia Kipngeno, isipokuwa yeye.

"Hiyo ni mimi?" aliuliza alipopata pumzi.

"Ni wewe," Nyanut alisema. "Lakini mimi nimepungusa."

Aliona aibu. Haikuwa aibu ya kuchekwa, maana hiyo alishaizoea. Aliona aibu ya mtu anayegundua kwamba amekuwa akimpiga mtoto bila kumgusa, tena akidhani anamsaidia.

Basi akaamua kupunguza sauti. Kusema ni rahisi. Redio ina kitufe cha kuzungusha. Kipngeno hakuwahi kuonyeshwa chake kiko wapi. Aliona ni heri aanze mazoezi nyumbani, ambako akishindwa hakuna atakayeumia. Mkewe, Chepkirui, aliyekuwa akiuza kabeji na sukuma zinazoletwa kwa lori kutoka Kitale, alikuwa akikatakata mboga za jioni wakati mumewe alipoingia, akaketi taratibu, na kusema kwa sauti ya mtu wa kawaida, "Mama Kiprop, naomba chai."

Chepkirui aliweka kisu chini. "Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

"Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa. Nimeomba chai tu."

"Baba Kiprop, tumekaa pamoja miaka yote hii. Chai hujawahi kuomba hivyo. Kama kuna mwanamke, sema sasa, nisiambiwe na watu sokoni."

Alijaribu kumweleza habari za mrija na mashine, lakini kwa kuwa alieleza kwa upole, Chepkirui hakuamini hata neno moja. Mwanamume aliyemwoa hakuwa na sauti hiyo. Kesho yake Kipngeno alirudi kutoka shule akawakuta akina mama wa maombi wamejaa sebuleni, na Biblia zao na bakuli la mandazi. Walimketisha katikati. Kiongozi wao, mama mmoja mnene mwenye huruma nyingi, alimwekea mkono kichwani na kumsihi auondoe mzigo moyoni.

"Hakuna mzigo, mama," Kipngeno alinong'ona. "Ni kwa ajili ya mtoto wa shule."

Akina mama walitazamana. Chepkirui aliketi kwa kishindo. Maombi yalianza upya, sasa na machozi, na kadiri Kipngeno alivyozidi kueleza kwa upole ndivyo walivyozidi kuona jinsi hali ilivyo mbaya. Mwisho uvumilivu ukamwishia.

"JAMANI, NI MASHINE!" alinguruma, na vikombe vikatikisika kabatini.

"Amina," walisema akina mama kwa pamoja. "Amefunguliwa." Wakala mandazi, wakaenda zao wakiwa na amani, na hadi leo wanalitoa jambo hilo kama ushuhuda.

Chepkirui alielewa baadaye, alipoonyeshwa kipaza sauti kwa macho. Tangu siku hiyo chai ilikuja na maziwa mengi zaidi, na akiwa jikoni alizoea kuuliza, "Umesema nini, Baba Kiprop? Sijasikia, rudia," hata pale alipokuwa amesikia vizuri.

Kumbe sauti yake mwenyewe ilikuwa nusu tu ya kazi. Sasa alikuwa akiongea taratibu, na Nyanut alivumilia, lakini kila baada ya muda mfupi mkono ulimruka kwenda sikioni. Kipngeno alimfuata wakati wa mapumziko kumuuliza.

"Wewe sasa uko sawa," Nyanut alimwambia, kisha akazungusha mkono kuonyesha uwanja mzima uliojaa watoto. "Ni hawa."

Aliyesomea Kenya hatahitaji maelezo. Mwalimu husema, "Mji mkuu wa Kenya ni Nai...?" na darasa humalizia, "...robiii!" Mwalimu huuliza, "Tumeelewana?" na darasa hujibu, "Ndiyooo, Mwalimu!" hata kama hakuna aliyeelewa. Bila kuitikiwa hivyo mwalimu hajui kama watoto wako hai. Darasa la nne liliitikia kuliko madarasa yote, kwa kuwa lilijifunza kutoka kwa bingwa, na kile kipaza sauti kilichoning'inia kifuani mwa Kipngeno kilipokea vinywa vyote mia na zaidi na kuvimimina ndani ya masikio ya mtoto mmoja.

Kipngeno akapiga marufuku kuitikia. Ilimuuma kama kuacha ugali. Aliamuru kwamba ndiyo itasemwa kwa kupunga mikono juu, hapana kwa kuikunja kifuani, na mwenye jibu atanyoosha kidole, aitwe mbele, apewe kipaza sauti, aseme mmoja mmoja. Hapo lilitokea jambo ambalo hakulitarajia. Kila mtoto alitaka kukishika kipaza sauti hicho. Watoto ambao tangu darasa la kwanza hawakuwahi kujibu swali walianza kunyoosha vidole kabla swali halijaulizwa, na wengine walikuwa wamesoma usiku kucha ili tu wakishike.

Asubuhi moja Mwalimu Mkuu Ekwam alikuwa ofisini na kikombe chake alipohisi kwamba kuna kitu kimepungua duniani. Alisikiliza. Darasa la tatu linaimba, la tano linagombana, la nne hakuna kitu. Kwa uzoefu wake, kimya kutoka darasa la nne kilikuwa na maana moja tu: Kipngeno hayupo, na watoto wametorokea laga, ule mto mkavu. Alichukua fimbo, akavuka uwanja kwa hasira, akausukuma mlango.

Darasa lilikuwa limejaa pomoni. Kipngeno alikuwa mbele na chaki mkononi, midomo ikicheza. Watoto zaidi ya mia walikuwa wamenyamaza kabisa, na wote walikuwa wakipunga mikono hewani.

Ekwam aliishusha fimbo. "Ejok?" aliwasalimu kwa Kiturkana.

Watoto wakazidi kupunga. Ekwam aliufunga mlango polepole, akarudi ofisini na kumalizia chai iliyokwisha kupoa. Baadaye alimwambia mwalimu wa darasa la tano kwamba anahitaji likizo. Na bombani nako kulizuka malalamiko, maana walikuwa wameachwa katikati ya jedwali la nane.

Lakini Nyanut alianza kusikia. Vifaa vilikaa masikioni kutoka kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Kipngeno aliliona hilo kwa macho, ila kuna siku aliliona kwa moyo. Alikuwa ameligeuzia darasa mgongo, akiandika hesabu ubaoni na kujisemea kama walimu wanavyojisemea, "Sasa hapa tunafanya nini?"

"Tunagawanya," ilisema sauti ya Bomet nyuma yake.

Alijua ni nani kabla ya kugeuka. Mtoto huyo hakuwa ameiona midomo yake. Chaki ilimkatikia mkononi, na ilimbidi aendelee kuutazama ubao kwa muda, akijifanya anafuta kitu, mpaka macho yakauke.

Sasa nieleze jinsi alivyotaka kuharibu kila kitu.

Jumamosi moja, muhula ukielekea ukingoni, shule za kanda zilikutana kwa michezo kwenye uwanja ulio kando ya laga. Kipaza sauti kikubwa cha kukodi kilikuwepo, lakini jenereta ilikohoa, ikatoa moshi, ikanyamaza. Wakimbiaji hawakujua wajipange wapi. Ekwam alimtazama Kipngeno, naye Kipngeno akatazama viatu vyake.

"Mwalimu," Ekwam alisema kwa upole, "iko wewe."

Mtu aliyeibana sauti yake wiki nenda wiki rudi hahitaji kubembelezwa. Kipngeno alipanda juu ya meza na kufungulia. Alitangaza mbio ndefu na fupi, akatangaza mkuki, akatangaza watoto waliopotea, akatangaza mtu aondoe mbuzi wake njiani. Alishindana na upepo na vumbi tangu asubuhi mpaka jua lilipopoa, na nimeambiwa kwamba uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudi nyumbani. Aliporejea kwa mkewe alikuwa anakwaruza kama mlango wenye kutu. Jumapili alifungua kinywa kuimba kanisani, ikatoka pumzi tupu.

Mchana huohuo simu ilitikisika. Ulikuwa ujumbe wa Madam Jerotich: nakuja kesho asubuhi kuona ile seti.

Chepkirui alimpa maji moto yenye tangawizi, akampa asali, akamfunga kitambaa shingoni. "Ulitaka sauti ndogo," alimwambia, "Mungu amesikia." Kipngeno hakuweza hata kumjibu. Alikuwa akifikiria samaki wakavu, na kiti kilicho nyuma yao.

Jumatatu Madam Jerotich alisimama kando ya ubao. Abang alikuja pia, na harufu ya biashara yake, akasimama karibu na mlango pamoja na Ekwam. Nyanut alikuwa dawati la mbele, vifaa masikioni. Kipngeno alivaa kipaza sauti, akalitazama darasa, akafungua kinywa. Hakuna kilichotoka. Akajaribu tena, akainama kukohoa, akajaribu tena.

"Sauti imekufa," Ekwam alimweleza mgeni kwa huzuni. "Ilikuwa michezo."

"Basi mwalimu mwingine afundishe."

"Madam, hao wengine hii kitu wanaogopa. Wanasema inasikia mpaka mawazo."

Jerotich alitazama saa. "Mimi niko njiani kwenda Loki, na wiki hii shule zinafungwa. Siwezi kurudi. Na siwezi kuandika kwamba nimeona kama sijaona."

Kipngeno alimtazama Abang. Abang alikuwa ameshaanza kujifunga vizuri shuka lake, kama mtu anayejiandaa kuondoka na mtoto wake. Hapo Kipngeno akapiga moyo konde. Alikiinua kipaza sauti hadi karibu na midomo na kuongea kwa pumzi peke yake. Upepo ulikuwa ukiyachezesha mabati. Watoto wa mbele kabisa walimwangalia bila kuelewa. Jerotich, aliyekuwa hatua mbili tu kutoka kwake, aliona midomo ikicheza na hakusikia hata herufi.

Nyanut akasimama na kuligeukia darasa.

"Mwalimu anasema tufungue hesabu sa kugawanya."

Madaftari zaidi ya mia yakafunguliwa. Jerotich alisogea hatua moja. Kipngeno akanong'ona tena.

"Mwalimu anasema ile ya kwanza tufanye pamoja," Nyanut alisema. "Mwalimu anasema wewe wa dirishani utoe kidole kwa pua."

Yule wa dirishani akatoa kidole. Somo likaenda. Mwalimu aliandika ubaoni huku ameligeuzia darasa mgongo, na msichana aliyekuwa haambulii kitu darasa la tatu akawapa wenzake kila neno, kwa lafudhi ya mwenyewe, bila kupunguza wala kuongeza. Nao walimsikiliza, kwa kuwa katika chumba kile chote hakuna mwingine aliyemsikia mwalimu. Kipngeno alinogewa, akasahau, akaanza kujisemea kama kawaida yake.

"Mwalimu anasema magoti inatetemeka," Nyanut alisema.

Watoto wakabana vicheko.

"Mwalimu anasema huyu madam akichukua mashine yeye ataenda kulala barabarani mbele ya gari. Mwalimu anasema, ai, Nyanut, hiyo usiseme. Mwalimu anasema nyamasa, hiyo haikuwa ya darasa."

Hapo darasa lilivunjika, na marufuku yote ya kelele ikaenda na upepo. Ekwam alicheka mpaka akashika mlango. Jerotich alivua miwani tena, ila safari hii alifuta macho. Abang peke yake hakucheka. Alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya shuka, akimtazama binti yake aliyesimama mbele ya watu wote akiwaambia wasichoweza kukisikia.

"Inabaki hapa," Madam Jerotich alisema kelele zilipotulia. "Yule wa Lodwar nitamtafutia, hata kama ni kuomba kwa magoti. Mama Nyanut, unasemaje?"

"Mimi narudi kwa samaki," Abang alisema. "Peke yangu."

Kipngeno aligeukia ubao haraka, na kila mtu aliona kwa nini. Mabega yalimtikisika. Akakiinua kipaza sauti hadi midomoni, akasema maneno machache, mafupi, kwa pumzi iliyokuwa imebaki.

Darasa lilimgeukia Nyanut, likangoja. Nyanut alikuwa amesimama, mkono mmoja sikioni, akitabasamu.

"Mwalimu amesema nini?" Ekwam aliuliza kutoka mlangoni.

"Hiyo ni yangu," Nyanut alisema, akaketi.